Turubai la bluu la kufunika paa: nyota mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya huruma

Najua rivyuu yenyewe imechelewa, lakini kila mwaka ikifika Juni, msimu wa vimbunga vya Atlantiki ukifunguliwa, naona watu wanaulizana turubai gani zuri la kuweka juu ya paa, na wanaojibu kwa kujiamini ni watu ambao hawajawahi kulala chini ya turubai hata usiku mmoja. Mi nimelala. Wiki sita, Yabucoa, kusini mashariki mwa Puerto Rico, kile kisiwa cha Karibea kilicho chini ya Marekani, nyumbani kwa mama mkwe, kuanzia katikati ya Oktoba 2017. Yeye mwenyewe kalala chini yake miezi 14. Kwa hiyo hapa hamna tangazo, na wala sikupewa kitu niandike, zaidi ya hilo turubai lenyewe.

Kwa ambao hawakufuatilia: Kimbunga Maria kiliingia nchi kavu hapohapo Yabucoa, asubuhi ya tarehe 20 Septemba 2017, kategoria ya 4 kati ya 5, upepo wa kama kilomita 250 kwa saa, na hiyo ni wiki mbili tu baada ya kimbunga kingine, Irma, kupita kaskazini mwa kisiwa na kuacha watu zaidi ya milioni moja gizani. Maria akaja kumalizia. Kisiwa cha watu zaidi ya milioni tatu kikazima chote, umeme hamna kabisa, simu karibu zote kimya. Mke wangu yuko Orlando, Florida, anampigia mama yake siku ya kwanza, ya pili, ya tano, haiiti hata. Siku ya tisa ndo tukapata ujumbe kupitia jamaa mmoja wa zile redio za mawasiliano za watu binafsi, wale wanaoongea na dunia nzima kutoka kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba: mama yako mzima, paa limeondoka. Maneno matano, basi. Mke wangu akalia kwa hayo matatu ya mwanzo, mi nikabaki na hayo mawili ya mwisho, maana baba yangu mdogo alikuwa fundi wa kuezeka na mi nimekua nabebeshwa papi, zile mbao nyembamba za kuezekea, na kushikilia mabati yakikatwa, nikasema hii kazi ni yangu, nikakata tiketi ya ndege ya kwanza niliyopata.

Nyumba yenyewe muielewe kwanza, maana bila hivyo rivyuu haina maana. Chini ni zege, juu ni mbao na mabati. Ziko nyingi hivyo kule milimani, mtu anajenga chini, akipata pesa anapandisha juu kwa mbao. Zege halikutikisika. Juu upande wa mashariki mabati yote yalikuwa yameng'oka, kofia ya paa tuliikuta shambani kwa jirani imejikunja kama karatasi, kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zimebaki zimesimama peke yake kama mifupa ya samaki mtu kamaliza kula. Miti yote mlimani haina jani hata moja, kahawia tupu, unadhani moto umepita.

Sasa kupata turubai. Lilikuwa linagawiwa kwenye uwanja wa shule. Nani alikuwa anagawa sitamtaja, wale vijana waliokuwa mezani nao walikuwa wamechoka kama sisi. Foleni saa sita juani. Bibi mmoja mbele yangu akaulizwa kama ameshajisajili kwa mtandao. Mtandao upi? Akageuka akatuangalia sisi wa nyuma, watu kama mia mbili hivi, sote tukaanza kucheka, kile kicheko cha uchovu ambacho ukikiendeleza kidogo kinageuka kilio. Mwishowe wakaandika majina kwenye daftari la shule na mambo yakaenda. Turubai moja kwa nyumba moja. Kamba hamna. Misumari hamna. Maelekezo yapo, kwa Kiingereza, na nusu ya foleni ile wanaongea Kihispania tu.

Haya, bidhaa yenyewe. Futi 20 kwa 25. Rangi bluu. Ni plastiki ya kufumwa, ukiliangalia kwa karibu unaona nyuzi bapa zimepishana kama mkeka, halafu juu wamepaka plastiki nyingine nyembamba ya kuzuia maji. Pembezoni kuna matundu yenye pete za bati laini. Likiwa jipya linanuka kama ndoo mpya ya plastiki iliyoachwa juani na harufu hiyo itakukaa puani wiki nzima. Uzito mwepesi, na hapo ndo penye tatizo, maana mwepesi maana yake upepo ukilipata kona moja tu umekwisha, unashika tanga la jahazi huku umesimama juu ya kenchi iliyolowa.

Kosa la kwanza, na hili mnisikilize vizuri kwa sababu nililiona mtaa mzima: watu walifunga kamba kwenye zile pete, kama vile unafunika mzigo kwenye lori. Zile pete hazikutengenezwa kwa ajili ya hiyo kazi. Usiku wa kwanza wa upepo wa kawaida tu zinachanika moja baada ya nyingine, pap, pap, pap, unazisikia ukiwa kitandani unahesabu. Sisi pia tulifanya hivyo siku ya kwanza, na mimi huyohuyo mtoto wa fundi, jeuri yote ikaishia hapo. Siku ya pili tukalishusha tukaanza upya kama inavyotakiwa: unaviringisha ukingo wa turubai kwenye ubao mwembamba, mizunguko miwili mitatu, halafu unapigilia ule ubao kwenye mbao za kenchi, na lazima turubai livuke juu ya kichwa cha paa literemke upande wa pili futi nne hivi, la sivyo maji yanaingilia pale juu kabisa na utatafuta tundu mpaka uchanganyikiwe usilione.

Papi tulizitoa kwenye vifusi. Misumari pia. Mama mkwe, miaka 71 wakati ule, alikaa kwenye ngazi ya zege na jiwe moja na nyundo moja ananyoosha misumari iliyopinda, mmoja mmoja, anaupima kwa jicho, ukinyooka anautupa kwenye kopo la maziwa, usiponyooka anautukana kwanza ndo anautupa pembeni. Akajaza kopo siku hiyohiyo. Nikamwambia mama pumzika, akaniambia mwanangu, huu msumari ulinishikilia paa miaka thelathini, hauwezi kunishinda leo. Duka la vifaa lilikuwa wazi ila unalipa keshi tu, na mashine za kutolea pesa hazina umeme, kwa hiyo hata mwenye hela benki alikuwa maskini kama wengine.

Mvua ya kwanza. Kelele! Bati linapiga kelele ndio, lakini turubai linapiga makofi, linapumua, linajaa upepo linashuka linajaa tena, huwezi kulala mpaka uzoee. Na kama hukulikaza vizuri katikati ya kenchi na kenchi panatengenezeka bwawa, maji yanajikusanya, turubai linaning'inia juu ya kitanda kama tumbo la ng'ombe. Tiba yake ni fimbo ya ufagio: unaamka usiku unalisukuma kwa chini taratibu, maji yanaporomoka nje, unalala, baada ya nusu saa unaamka tena. Tukapanga zamu kabisa. Mchana nako joto lake si la kawaida, halafu kila kitu ndani ni bluu. Wali bluu, ukuta bluu, uso wa mama mkwe bluu, unajiona mko ndani ya chupa. Mtoto wa jirani alikuwa anapenda kuja kukaa kwetu kwa sababu hiyo tu, anasema anaogelea.

Uimara. Mwezi wake wa kwanza safi, huo siusemi vibaya. Mwezi wake wa tatu mi nishaondoka lakini mama mkwe alikuwa anatuma picha: jua la kule linalila lile plastiki, ule mpako wa juu unaanza kubanduka, nyuzi zinakauka zinakatika, ukiligusa linamwaga unga wa bluu mkononi. Huo unga unateremka na maji ya mvua mpaka kwenye pipa. Na watu walikuwa wanategemea hayo mapipa, kwa sababu bila umeme pampu za maji hazifanyi kazi, na mito ilikuwa hatari, homa ile ya mkojo wa panya ilipata watu wengi baada ya Maria. Kwa hiyo mabaki ya turubai yanaingia kwenye maji ya kuogea, na yeye akaanza kuyachuja kwa kitambaa cha kanga nilichomwachia, ambacho nacho kikawa bluu. Katika miezi 14 alibadilisha maturubai matatu. La tatu alinunua kwa pesa yake.

Kuna aina ya pili ambayo ni tofauti kabisa na msichanganye. Ile ya kupigiliwa, ambayo Kikosi cha Uhandisi cha Jeshi la Marekani kiliweka kupitia wakandarasi kwenye karibu nyumba 60,000 kisiwani. Ile si turubai la kukunjua, ni plastiki nene iliyotiwa nyuzi, inakatwa kwa kipimo cha paa lako na kupigiliwa kwa papi mpya kila baada ya nafasi fulani. Jirani alikuwa nayo na nikaipanda kuikagua kwa macho ya kifundi, kazi nzuri, nyota nne naitoa bila kinyongo. Lakini masharti yake: paa liwe limeharibika chini ya nusu, na mbao za kupigilia ziwepo. Maana yake yule ambaye kimbunga kilimwonea huruma kidogo ndo anapata kile kizuri, aliyeng'olewa kila kitu anabaki na lile la kamba. Kiufundi naelewa, huwezi kupigilia kwenye hewa. Kibinadamu sielewi. Na hata hilo zuri limetengenezwa kukaa siku 30 tu. Siku 30! Kimbunga Fiona kilipofika Septemba 2022, miaka mitano kamili baadaye, bado kulikuwa na maelfu ya nyumba zenye bluu juu, na ukiwa kwenye ndege inashuka San Juan, mji mkuu, ulikuwa unaziona dirishani.

Sasa mtaniuliza, kwa nini maturubai yalichelewa hivyo, mbona ni kitu rahisi, plastiki tu. Hapa ndo rivyuu inakuwa chungu. Ripoti ya FEMA yenyewe, shirika la serikali ya Marekani la kushughulikia maafa, ya Julai 2018, walijichunguza wakaandika wenyewe, ilisema ghala lao la Puerto Rico lilikuwa karibu tupu Maria alipofika, kwa sababu zaidi ya asilimia 80 ya mali ilikuwa imeshapelekwa kwa waathirika wa Irma, wengi wao Visiwa vya Virgin. Maturubai hayakuwepo. Vitanda vya kukunja havikuwepo. Kuwapa majirani si kosa, hata mi ningewapa, kosa ni kutojaza tena wakati habari ya kimbunga kinachofuata iko kwenye runinga.

Wakaagiza sasa. Kampuni moja ya Florida, Bronze Star LLC, iliyokuwa na umri wa kama miezi miwili tu, ikapewa mikataba ya zaidi ya dola milioni 30 ilete maturubai nusu milioni na maelfu ya roli za plastiki. Haikuleta hata moja. Mkataba ukafutwa Novemba na hela haikulipwa, sawa, lakini wiki zilizopotea nani anazirudisha? Mi hizo wiki nilikuwa nasukuma tumbo la ng'ombe kwa fimbo ya ufagio.

Na si turubai peke yake. Chakula: Tribute Contracting, kampuni ya mtu mmoja, dola milioni 156 kwa milo milioni 30. Ilipofika siku ya kuwa wameshaleta milo milioni 18.5 walikuwa wameleta 50,000, na mifuko ya kupasha chakula moto ikaja mbali na chakula chenyewe. Umeme: Whitefish Energy kutoka Montana, dola milioni 300, kampuni iliyokuwa na wafanyakazi wawili wa kudumu siku Maria anaingia. Wawili jamani. Mkataba nao ukavunjwa kwa makelele. Huku upande wa pili mpishi José Andrés na shirika lake la kulisha watu kwenye maafa, World Central Kitchen, hawakusubiri tenda, wakaingia majikoni na wapishi wa kisiwani wenyewe, wakapika zaidi ya milo milioni tatu, ya moto, wali na nyama, chakula ambacho mtu wa pale anakijua. Unajiuliza hivi kipi kilikuwa kigumu.

Niseme haki pia, mimi kazi yangu ni dereva wa lori kwa hiyo hili nalijua: bandarini San Juan kulikuwa na maelfu ya makontena yamejaa vitu, hayatoki. Madereva hawapatikani kwa simu kwa sababu simu hazipo, dizeli ya foleni, barabara zimeangukiwa na milima. Ile Sheria ya Jones iliyozua mjadala, ya kwamba mizigo kutoka bandari moja ya Marekani kwenda nyingine lazima ipande meli za Kimarekani, iliondolewa kwa siku kumi tu kuanzia Septemba 28, na wengi wanasema kama ingeondolewa mapema ingesaidia. Inawezekana. Ila nawaambia kontena likishafika bandarini shida haikuwa tena meli, shida ilikuwa kilomita hamsini za mwisho. Humacao, jirani kabisa na sisi, mtaa wa Punta Santiago watu waliandika barabarani kwa herufi kubwa SOS wanahitaji maji na chakula, ili helikopta zisome. Utuado, milimani, daraja lilikwenda na mto, wakazi wakafunga kamba ya chuma toka ng'ambo hadi ng'ambo wakaning'iniza kitoroli cha supamaketi, wakawa wanavusha maji na chakula humo. Huduma ya kufikisha mzigo mlangoni nyota tano, sijaona mkataba wake popote.

Na rais wa wakati huo, Trump, alikuja tarehe 3 Oktoba, akarusha taulo za karatasi kwa watu pale Guaynabo. Mama mkwe aliliona hilo baadaye sana, kwenye simu yangu, akaangalia mara mbili, akauliza zile za kufutia maji? Nikamwambia ndio. Akaangalia juu.

Tofauti na turubai, kitu ambacho nakipa nyota tano bila maswali ni taa ndogo ya sola, ile ya kujaza upepo kwa mdomo kama boya, inawaka saa kadhaa, unaianika mchana dirishani. Tuliletewa mbili na kijana wa kujitolea, hakuuliza hata kitambulisho. Ukiwa na giza la miezi, na kule mwisho kabisa kurudisha umeme kulichukua karibu miezi 11 hadi Agosti 2018, ile taa ndo inakuonyesha ngazi, dawa, panya. Jenereta nilizisikia usiku kucha mtaani, ukizima moja jirani anawasha yake, moshi wake na bei ya mafuta yake, kwangu nyota moja. Kule Adjuntas kuna watu wanaitwa Casa Pueblo, nyumba yao ya rangi ya pinki, wana sola tangu 1999, Maria ilivyopita wao taa zilikuwa zinawaka, watu wakawa wanakuja kuchaji vifaa vya kupumulia na simu, na wakagawa maelfu ya taa hizi. Mnaona hiyo? Walikuwa na kitu tayari kabla.

Huduma kwa wateja, nini niseme. Ili upate pesa ya kujenga paa la kweli ulitakiwa kuthibitisha kwamba nyumba ni yako. Puerto Rico nyumba nyingi ni za kurithi, babu alijenga, baba akakaa, hati ya jina lako haipo na hakuna aliyewahi kukuuliza. Maelfu ya maombi ya FEMA yalikataliwa kwa sababu hiyo. Wanasheria wa kujitolea, Ayuda Legal Puerto Rico na wenzao, walipambana mpaka ikakubalika fomu ya kuapa tu kwamba hapa ni kwangu, ila tangazo la fomu hiyo lilibaki kazi ya hao wanasheria wenyewe, na sera ilibadilishwa rasmi Septemba 2021. Miaka minne. Turubai la siku 30, jibu la miaka minne, pigeni hesabu ni maturubai mangapi hapo. Na serikali ya kisiwa nayo isijifiche: Januari 2020, baada ya tetemeko kusini, watu wanalala nje tena chini ya plastiki, wananchi wakavunja ghala pale Ponce wakakuta maji, vitanda, chakula cha watoto, nepi, vimekaa humo tangu enzi za Maria. Gavana akamfukuza mkuu wa huduma za dharura siku hiyohiyo. Hiyo video niliangalia nikiwa nimesimama kituo cha mafuta, nikasahau kurudisha mpira wa mafuta mahali pake.

Vifo sitavizungumzia sana, si mahali pake kwenye rivyuu ya turubai, lakini hesabu ya serikali ilikaa kwenye 64 karibu mwaka mzima mpaka utafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington ukasema 2,975, na gavana akaikubali Agosti 2018. Wengi hawakufa siku ya upepo. Walikufa miezi iliyofuata, mashine haina umeme, dawa imeharibika kwa joto, barabara imefungwa. Juni mwaka huo watu walipanga viatu mbele ya jengo la bunge San Juan, jozi kwa jozi, maelfu. Mama mkwe alipeleka jozi moja ya mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliyekuwa anatumia oksijeni. Viatu vya kanisani, amevipiga rangi kwanza.

Kwa hiyo nyota mbili na nusu. Ukipata la bure chukua, usilifunge kamba, viringisha kwenye papi upigilie, vusha kichwa cha paa, na hesabu miezi mitatu usiamini zaidi ya hapo. Kama unanunua mwenyewe tafuta zito, ukilinyanyua liwe linakuchosha, na usinunue la bluu kama utakaa mchana ndani, chukua la fedha au jeupe joto linapungua.

Nilimsomea mama mkwe hii rivyuu kwa simu nikamtafsiria, hajakubaliana na mimi. Yeye anatoa nne. Anasema wewe ulikuja na mdomo na begi la nguo, lile lilikuja na futi 25. Paa la kweli lilipandishwa Desemba 2018 kwa mchango wa watoto wake na vijana wa kanisani, mabati mazito, na kila kenchi imefungwa kwenye ukuta kwa vyuma, hilo nililisimamia mwenyewe. Fiona alipopita umeme ukakatika kisiwa kizima tena, paa halikusogea, taa ile ya kujaza upepo bado inawaka.

Turubai la tatu, kipande kilichobaki kizima, hajakitupa. Kimekunjwa kwenye beseni chini ya kitanda pamoja na kopo la misumari. Juni hii nimempigia nikamuuliza kama amejiandaa, nikamsikia anavuta beseni sakafuni, kimya kidogo, kisha akaniuliza ile fimbo ya ufagio niliiweka wapi.